Upinde, Tao na Duara: Istilahi za Maumbo ya Msingi katika Uundaji wa Vielelezo vya Majengo kwa Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika kufundisha uundaji wa maumbo ya msingi, yaliyonyooka na yaliyopinda, kwa kutumia programu za usanifu majengo. Hoja yetu kuu ni kwamba istilahi za hisabati ya shule, ingawa ni sahihi katika uwanja wake, hazitoshelezi mahitaji ya uwanja huu. Hisabati hueleza umbo ni nini. Programu humtaka mtumiaji aeleze umbo linatendwaje. Tunapendekeza kuwa upungufu huu uzibwe kwa kuchota msamiati wa kazi za mikono uliomo tayari katika lugha, na tunaonyesha kwa mifano yenye vipimo hasara inayoweza kutokea pale dhana mbili zinapobebeshwa neno moja.

1.0 Utangulizi

Tangu Ivan Sutherland alipoonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1963, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kwamba mtu anaweza kuchora mistari na vipande vya duara moja kwa moja kwenye kiwambo cha kompyuta, kazi ya msanifu majengo imebadilika hatua kwa hatua. AutoCAD ilitolewa mwaka 1982, na SketchUp mwaka 2000. Leo mwanafunzi wa usanifu huanza kuunda kielelezo cha jengo kwenye kompyuta kabla hajashika bikari.

Katika Afrika Mashariki mabadiliko haya yamezua hali ya pekee ya kiisimu. Mwanafunzi hufundishwa kwa Kiingereza na programu huzungumza naye kwa Kiingereza, lakini jengo lenyewe hujengwa kwa Kiswahili. Fundi mwashi, fundi seremala na msimamizi wa mtaa wa kazi hujadiliana juu ya tao, kuba, paa na nguzo kwa lugha hii. Kwa hiyo kuna mahali ambapo dhana lazima ivuke kutoka lugha moja kwenda nyingine, na mahali hapo ndipo kosa la istilahi hugeuka kuwa kosa la saruji, mbao na fedha.

Uundaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili si jambo jipya. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hata hivyo, kazi hizo zilihusu zaidi majina ya vitu na amri za jumla. Hapa tunashughulikia eneo dogo zaidi, nalo ni maumbo na vitendo vinavyoyazalisha.

2.0 Duara: umbo moja au dhana tatu?

Tuanze na umbo linaloonekana kuwa rahisi kuliko yote. Katika matumizi ya kawaida neno duara, pamoja na kibadala chake mduara, hutaja mambo yafuatayo bila kuyatenganisha:

(1) a. mstari uliopinda ambao kila nukta yake iko umbali sawa na kitovu;
b. eneo lililozingirwa na mstari huo;
c. kitu chochote chenye umbo la mviringo.

Msomaji wa kawaida hasumbuliwi na hali hii. Mtumiaji wa programu husumbuliwa mara moja. Mstari wa (1a) hauna uso. Ukiuvuta juu utapata, kutegemea programu, ama ngozi tupu isiyo na kitako wala mfuniko, ama usipate kitu. Eneo la (1b) lina uso. Ukilivuta juu unapata mcheduara kamili. Tunapendekeza kwamba lugha itumie utajiri ambao tayari inao: mduara uwe istilahi ya mstari, na duara iwe istilahi ya eneo. Mgawanyo huu haubuni neno jipya, bali huyapa kazi tofauti maneno mawili ambayo yamekuwa yakifanya kazi moja.

Tatizo la pili ni zito zaidi. AutoCAD huhifadhi mduara kama kitovu na nusukipenyo; kingo zinazoonekana kwenye kiwambo ni suala la uonyeshaji tu. SketchUp haifanyi hivyo. Ndani yake mduara ni poligoni, na mtumiaji asipobadili chochote hupewa vipande 24 vilivyonyooka. Upinde hupewa vipande 12. Tukichora mduara wenye nusukipenyo cha mita 3, vipeo vyote 24 vitakuwa mita 3 kutoka kitovuni, lakini katikati ya kila kipande mstari utakuwa umeingia ndani kwa takriban milimita 26. Mzingo utapungua kwa karibu asilimia 0.3, na eneo kwa zaidi kidogo ya asilimia 1.1. Tukiongeza vipande hadi 96, pengo la katikati ya kipande hushuka hadi milimita 1.6 hivi.

Kwa mantiki hiyo tunahitaji kutofautisha mduara kamili na mduara wa vipande. Tofauti hii haipaswi kuachwa kwa ufafanuzi wa mwalimu peke yake, kwa sababu programu yenyewe huificha. Mtumiaji anapouvuta mduara wa vipande kuwa mche, kingo za ubavuni hulainishwa ili jicho lione mviringo. Akichora kwa zana ya poligoni yenye idadi ileile ya vipande, kingo hizo huachwa zionekane. Jiometri ni moja. Kinachotofautiana ni sura.

Mfano mzuri ni birika la kuogea la Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14, ambalo lina umbo la pembenane. Mwanafunzi anaweza kulichora kwa zana ya poligoni yenye pande 8, au kwa zana ya mduara aliyoipunguzia vipande hadi 8. Vipimo vitakuwa sawa. Lakini katika njia ya pili programu italichukulia birika kuwa kitu cha mviringo kilichochorwa kwa ukali, na kulainisha kona ambazo mjenzi wa Kilwa alikusudia zionekane. Istilahi bora ni ile inayomwezesha mwanafunzi kusema kwamba pembenane si mduara wa vipande vinane, ingawa vipeo vyao hulingana.

3.0 Upinde na tao

Katika hisabati ya shule neno tao limezoeleka kwa maana ya sehemu ya mduara. Kwa mwashi, tao ni sehemu ya jengo: mjengo uliopinda unaobeba uzito juu ya mlango, dirisha au nafasi kati ya nguzo mbili. Kila uwanja ukikaa peke yake hakuna mgongano. Programu ya usanifu majengo huzikutanisha maana hizi katika sentensi moja, kama inavyoonekana katika (2):

(2) Chora tao, kisha ulivute ili upate tao.

Sentensi (2) ni sahihi kisarufi na haifundishi kitu. Isitoshe, uhusiano wa dhana hizi mbili si wa moja kwa moja. Katika misikiti na majumba ya kale ya mwambao, kama vile magofu ya Gede nchini Kenya, tunakuta matao yenye ncha. Tao la namna hiyo haliundwi kwa sehemu moja ya mduara, bali kwa sehemu mbili zinazokutana kileleni. Katika aina moja ya tao lenye ncha, kila sehemu ina nusukipenyo sawa na upana wa nafasi, na kitovu chake kiko kwenye mguu wa upande wa pili. Nafasi ikiwa na upana wa mita 1.2, kilele kitakuwa mita 1.04 hivi juu ya miguu ya tao. Basi tao moja lina sehemu mbili za mduara. Hatuwezi kuita kizima na sehemu zake kwa jina moja.

Tunapendekeza kwamba katika uwanja huu tao libaki kwa mwashi, na sehemu ya mduara iitwe upinde. Sababu zetu ni tatu.

Kwanza, upinde ni taswira ambayo lugha nyingi zimeitumia kwa dhana hiihii. Kilatini kiliita sehemu ya mduara arcus, yaani upinde. Mstari unaounganisha ncha zake chorda, yaani uzi. Na umbali kutoka katikati ya uzi hadi kileleni sagitta, yaani mshale. Kiarabu nacho kina qaws, watar na sahm kwa mpangilio huohuo. Kiswahili kina maneno yote matatu katika zana ileile ya mwindaji: upinde, upote na mshale. Tunayapendekeza kama kundi:

(3) a. upinde: sehemu ya mduara;
b. upote: mstari mnyoofu unaounganisha ncha mbili za upinde;
c. mshale: umbali kutoka katikati ya upote hadi katikati ya upinde.

Pili, kundi hili hulingana na namna programu inavyofanya kazi. Zana ya kawaida ya kuchora upinde humtaka mtumiaji abofye ncha ya kwanza, abofye ncha ya pili, kisha avute katikati mpaka apate mpindo anaoutaka. Kwa istilahi zetu, anaweka upote halafu anaweka mshale. Nusukipenyo hakiulizwi, lakini hupatikana: chukua mraba wa nusu ya upote, ujumlishe na mraba wa mshale, kisha ugawe kwa mara mbili ya mshale. Upote ukiwa mita 1.2 na mshale mita 0.2, mraba wa 0.6 ni 0.36, mraba wa 0.2 ni 0.04, jumla ni 0.4, tukigawa kwa 0.4 tunapata nusukipenyo cha mita 1. Fundi anayetengeneza kalibu ya mbao anakihitaji kipimo hicho ili afunge kamba kwenye kigingi na kuzungusha.

Tatu, neno upinde lina uzalikaji. Linatokana na mzizi wa kitenzi pinda, ambao hutupatia pia mpindo, upindaji, pindika, na virai kama mstari uliopinda na uso uliopinda. Tao halina familia ya namna hii.

Ni muhimu, hata hivyo, kutolitanua neno upinde kupita mipaka yake. Kuna mistari iliyopinda ambayo si sehemu ya mduara. Mistari inayoongozwa na nukta dhibiti, ambayo misingi yake ilijengwa na Paul de Casteljau katika kampuni ya Citroën na Pierre Bézier katika kampuni ya Renault, haina nusukipenyo kimoja wala kitovu kimoja. Haiwezi kuchorwa kwa kigingi na kamba. Kabla ya kompyuta, wachoraji wa vyombo vya majini walichora mistari ya aina hii kwa kupinda ubao mwembamba uliozuiwa kwa vizito. Kiswahili kina ufito, kijiti chembamba kinachopindika bila kuvunjika. Tunapendekeza mstari wa ufito, ili mwanafunzi akumbuke kwamba mstari huu hufuata unyumbufu wala haufuati kitovu.

4.0 Vitenzi vya kuzalisha maumbo

Istilahi nyingi za Kiswahili zimeundwa kama nomino. Nadharia ya istilahi inayohusishwa na Eugen Wüster, iliyosisitiza dhana kwanza na jina baadaye, na kila dhana kuwa na jina lake, nayo iliwaelekeza wafuasi wake zaidi kwenye nomino. Katika programu za vielelezo, kiini cha somo ni kitenzi. Umbo la mango halichorwi. Hupatikana kwa kulitenda umbo bapa. Tutaangalia vitendo vitatu.

Kitendo cha kwanza ni kulipa umbo bapa kimo ili liwe mche. Baadhi ya walimu husema kuinua. Neno hili linafaa pale uso unapokwenda juu, lakini halifai pale mwanafunzi anapotoa baraza ubavuni mwa ukuta au anapozamisha shimo la dirisha. Kuvuta hakuna mwelekeo maalumu, na kinyume chake, kusukuma, kinaeleweka bila maelezo.

Kitendo cha pili ni kuzalisha mango kwa kulizungusha umbo bapa kwenye mhimili. Hapa kitenzi kuzungusha hujitokeza haraka, nacho huleta utata. AutoCAD ina amri mbili tofauti: moja hubadili tu mwelekeo wa kitu kilichopo, na nyingine huzalisha mango mpya kutokana na mzunguko. Kwa Kiswahili zote mbili zimekuwa zikiitwa kuzungusha, na kinyambuo cha utendeshi hakitusaidii kwa kuwa kimekwisha kutumika. Lakini seremala ana neno. Anapotengeneza mguu wa kitanda wenye mviringo, mti huzunguka na patasi hukaa. Sura ya upande mmoja hurudiwa pande zote. Kitendo hicho ni kukereza. Tofauti ipo, kwani seremala huondoa na programu hujaza, lakini umbo linalopatikana ni lilelile: kila mkato ulio mraba na mhimili ni duara. Basi tunapendekeza kuzungusha kwa kubadili mwelekeo, na kukereza kwa kuzalisha.

Kitendo cha tatu ni kulipeleka umbo bapa kando ya njia fulani, kama vile ukanda wa nakshi unavyozunguka ukuta. Tunapendekeza kupitisha. Kitenzi hiki huchukua yambwa na kielezi cha njia kwa namna inayofanana kabisa na mahitaji ya amri: pitisha umbo kwenye njia. SketchUp haina amri ya kukereza. Njia ikiwa mduara, kupitisha huzaa matokeo ya kukereza. Mahusiano hayo yanaweza kufupishwa hivi:

(4) a. kuvuta: njia ni mstari mnyoofu ulio mraba na uso;
b. kukereza: njia ni mduara kuzunguka mhimili;
c. kupitisha: njia ni yoyote.

Kwa hiyo (4a) na (4b) ni hali maalumu za (4c). Mfumo wa istilahi unaoonyesha uhusiano huu humfundisha mwanafunzi jiometri wakati uleule anapojifunza majina ya zana.

5.0 Istilahi kazini: msonge na kuba

Ili kupima mapendekezo haya, tuchukue nyumba ya msonge. Ukuta wake una nusukipenyo cha nje cha mita 2.4 na kimo cha mita 2.4. Paa ni pia yenye nusukipenyo cha mita 3 na kimo cha mita 4. Maelekezo ni haya:

(5) Chora duara la nusukipenyo cha mita 2.4. Ndani yake chora mduara wa kitovu kilekile wenye nusukipenyo cha mita 2.2. Vuta pete iliyobaki kwa mita 2.4. Kwa paa, chora pembetatu mraba yenye kitako cha mita 3 na kimo cha mita 4, kisha uikereze kwenye mhimili wa kimo chake.

Urefu wa mteremko wa paa, kutoka kileleni hadi ukingoni, ni mita 5, na eneo la ubavu wa pia ni mita za mraba 47.1. Paa likichorwa kwa mduara wa vipande 24 eneo hilo huwa 46.8. Tofauti ni ndogo kwa makuti. Kwa vipimo vya bati lililokatwa kiwandani si ya kupuuzwa. Paa linatokeza nje ya ukuta kwa mita 0.6, na kwa mteremko huu ukingo wake hushuka mita 0.8 chini ya kichwa cha ukuta. Mchepuo utakuwa mita 1.6 kutoka sakafuni, yaani mtu mzima atainama anapoingia. Mwanafunzi anayeyaelewa maelekezo (5) anaweza kuliona hilo kabla ya mti wa kwanza kukatwa.

Kuba linaonyesha hasara kwa uwazi zaidi. Baadhi ya maelezo huliita nusutufe. Nusutufe yenye nusukipenyo cha mita 2 ina ujazo wa mita za ujazo 16.8. Lakini kuba la jengo ni ganda. Likiwa na nusukipenyo cha nje cha mita 2 na cha ndani cha mita 1.8, ujazo wake ni mita za ujazo 4.5 tu. Mwanafunzi aliyeelekezwa kukereza robo ya duara ataagiza vifaa karibu mara nne ya vinavyohitajika. Aliyeelekezwa kukereza ukanda ulio kati ya pinde mbili zenye kitovu kimoja atapata kuba. Nusutufe ni jina la umbo. Kuba ni jina la kitu kilichojengwa. Uhusiano wao ni sawa na ule wa upinde na tao.

6.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba tao limekwisha kuenea kwa maana ya hisabati, na kwamba kulibadili kutawachanganya wanafunzi. Pingamizi hili lina uzito. Jibu letu ni kwamba hatupendekezi hisabati ya shule ibadilike. Istilahi hutawaliwa na uwanja wake. Neno moja linaweza kuwa na maana mbili katika nyanja mbili bila madhara, mradi nyanja hizo hazikutani katika kazi moja. Hapa zinakutana.

Inaweza pia kudaiwa kwamba upote na kukereza ni maneno ambayo vijana wengi wa mjini hawayajui. Hilo ni kweli kwa baadhi yao. Hata hivyo, neno la kigeni lililotoholewa nalo hawalijui siku ya kwanza; tofauti ni kwamba neno la asili, likishaelezwa, hubaki na picha yake.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi za maumbo katika uundaji wa vielelezo vya majengo haziwezi kukopwa zote kutoka hisabati. Zinapaswa kutofautisha mstari na eneo, mduara kamili na mduara wa vipande, umbo na kitu kilichojengwa, na zaidi ya yote zinapaswa kujengwa juu ya vitenzi. Mapendekezo yetu, yaani mduara na duara, upinde, upote na mshale, mstari wa ufito, kuvuta, kukereza na kupitisha, yamechotwa katika msamiati uliopo. Yanahitaji sasa kupimwa darasani na kwenye mtaa wa kazi, kwa msanifu na fundi pamoja, kwani ni wao watakaoyatumia mchoro unapotoka kwenye kiwambo na kukabidhiwa mwenye mwiko.